Ratiba ya makumbusho ya mkoa imetoka, na watoto wawili na bibi yao niende siku zipi?

MamaWawili

Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri kwa wale waliozoea haya mambo maana mi makumbusho nimeenda mara mbili tu maishani, mara ya kwanza na shule na sikumbuki kitu zaidi ya mwalimu kutuhesabu kwenye basi.

Iko hivi, makumbusho ya historia ya mkoa wametoa ratiba ya miezi miwili ijayo na safari hii naona wamejipanga, siyo ile ya kuzunguka vioo dakika ishirini afu unatoka. Kila Jumamosi asubuhi kuna hadithi kwa watoto wadogo, kuna warsha ya mikono ambapo watoto wanafinyanga udongo na kuchapa majina yao kwenye mashine ya chapa ya zamani, kuna usiku mmoja milango inakuwa wazi mpaka saa tano, kuna mhadhara wa jinsi mipaka ya mkoa ilivyochorwa, kuna kutembezwa stoo wanakohifadhi vile vitu visivyowekwa hadharani (watu 15 tu na lazima ujiandikishe), na kuna siku ya familia ambayo wanasema uje na kitu cha zamani kutoka nyumbani wakusaidie kujua ni nini na kina umri gani.

Timu yangu ndo hii: binti miaka 4 anayeuliza "hii nini" kila baada ya hatua mbili, kijana miaka 9 ambaye akiingia sehemu yoyote kwanza anauliza kama kuna waifai, na mama mkwe wangu amepita 70, magoti yanamsumbua ila yeye ndiye aliyeiona ratiba na ndiye anayenisukuma twende. Baba yao wikiendi yuko kazini kwahiyo kila kitu juu yangu. Naweza kupata siku mbili tu. Nichague zipi? Na je mtoto wa miaka 4 anaambulia nini kule au namtesa tu?

BabaPacha

Usiku bila kujiuliza. Mi wangu niliwapeleka usiku mwaka juzi, taa zimepunguzwa, kila mtoto kapewa tochi, wakawa wanamulika vinyago na kupiga kelele mpaka mlinzi mwenyewe anacheka. Makumbusho yaleyale mchana walikuwa wananiambia baba turudi nyumbani. Hii kitu ya usiku Berlin waliianza 1997, Wafaransa wakaja kuifanya ya Ulaya nzima 2005, sa hivi watu wanajaa kama mpirani. Huo mhadhara wa mipaka achana nao, utalala wewe na bibi mkiegemeana.

MzeeWaKona

Mhadhara wa mipaka ndio kitu pekee cha maana kwenye hiyo ratiba yote lakini haya endeleeni.

Mlinda_Stoo

Dada MamaWawili, nimefanya kazi makumbusho (siyo hayo ya kwenu) miaka 11, sita ya mwanzo nilikuwa naongoza wageni na sa hivi niko upande wa uhifadhi, ngoja nikwambie ninavyoona kutoka ndani.

Usiku ni mzuri, simpingi BabaPacha, ila pacha zake nadhani ni wakubwa. Binti wa miaka 4 saa tatu usiku atakuwa mgongoni kwako amelala na bibi mwenye magoti mabovu anapapasa ngazi gizani, na wewe una mikono miwili tu. Afu usiku ule huwa unapangwa karibu na 18 Mei ambayo ni siku ya kimataifa ya makumbusho, Baraza la Kimataifa la Makumbusho (ICOM) ndio waliianzisha 1977, kwahiyo watu wanakuja wengi kuliko siku yoyote ya mwaka. Utaona visogo vya watu zaidi ya maonyesho.

Jumamosi ya hadithi ndo ya binti yako. Ila piga simu kwanza uulize swali moja tu: msimuliaji anakuja na kitu cha kushika? Hapo ndo penye tofauti. Sisi tuna vitu ambavyo haviko kwenye rejesta ya makusanyo, vimetengwa kwa ajili ya kushikwa, vikivunjika basi vimevunjika. Kuna simu moja nyeusi ile ya kuzungusha namba, nimeshawapa watoto labda mia kadhaa na karibu wote wanafanya kitu kilekile, wanaingiza kidole kwenye tundu la namba wanabonyeza. Wanabonyeza weee, wanakuangalia, wanabonyeza tena kwa nguvu. Ukimwonyesha kuzungusha na ile sahani ikarudi yenyewe trrrrr uso wake unabadilika. Mtoto wa umri huo ukimwambia karne haelewi, ila anaelewa zito, baridi, linanuka chuma, linalia. Humtesi hata kidogo, utamtesa ukimsomea maelezo ya ukutani.

Na hapo niongeze, msijaribu kuona vyote. Kuna bwana mmoja wa makumbusho ya sanaa kule Boston, Benjamin Ives Gilman, mwaka 1916 aliandika kuhusu uchovu wa makumbusho, alimpiga picha mtu akiinama na kujikunja mbele ya makabati kusoma lebo zilizowekwa chini, kuonyesha kwamba siyo ubongo wa mgeni ulio mvivu, ni sisi tunaomkunja mgongo. Zaidi ya miaka mia imepita na bado kuna watu wanaweka lebo usawa wa goti. Dakika 45 na mtoto mdogo zinatosha kabisa. Kwa bibi uliza mapokezi kama wana kiti cha magurudumu cha kuazima au vile vistuli vya kukunja, sehemu nyingi vipo lakini vimejificha nyuma ya mlango na hakuna anayekwambia mpaka uulize.

Akilalamika kwamba chumba cha nguo kina giza, mwambie siyo bili ya umeme. Nguo na karatasi tunaziwekea mwanga wa kama lux 50 tu, maana mwanga ukishafifisha rangi hairudi tena, hakuna dawa. Ndo hiyohiyo sababu ya kukatazwa flashi sehemu nyingi, ingawa flashi moja siyo tatizo, tatizo ni elfu kumi na mgeni wa pembeni anayepofuka macho.

Stoo iache safari hii. Ni ziara tamu mno, nyuma huko ndo kuna vitu vingi kuliko mbele, ila vinjia ni vyembamba, rafu nyingine zinatembea kwenye reli na watoto wadogo mara nyingi hawaruhusiwi.

Siku yako ya pili ni ile ya familia ya kuleta kitu. Hiyo ni ya bibi.

Nyuki_Mtulivu

Naunga mkono hapo kwa Mlinda_Stoo kwenye kupiga simu. Mwanangu kelele zinamuumiza, yaani sauti ya ghafla anaziba masikio analala chini palepale, na mara ya kwanza tulikwenda kulikuwa na kona moja video inajiwasha yenyewe ukipita, ngoma puuu, ndo ikawa mwisho wa safari, nilitoka nae nimembeba huku watu wananiangalia kama nimemwiba.

Baadaye nikaja kujua sehemu nyingi wana saa tulivu, wanazima sauti za maonyesho na kupunguza idadi ya watu, kawaida asubuhi kabla hawajafungua kwa wote. Haikuwa imeandikwa kwenye bango, iko kwenye ukurasa wa ndani kabisa huko. Hata kama mtoto wako hana shida hiyo, dada, nenda nusu saa ya mwanzo mlango unapofunguliwa, ni makumbusho mengine kabisa. Na beba nguo ya kubadili kama kuna udongo wa kufinyanga, aproni wanazotoa ni za watu wazima, zinaburuta.

MamaWawili

Asanteni sana, mmenipunguzia mzigo. Nimepiga simu, dada wa mapokezi kacheka anasema hakuna aliyewahi kumuuliza kama hadithi inakuja na kitu, ila ndiyo inakuja nacho. Na kiti cha magurudumu kipo, nyuma ya mlango 😂

Sasa limezuka jingine. Nimemwambia mama mkwe kuhusu siku ya kuleta kitu, hakunijibu, kaingia chumbani katoka na mfuko wa kitambaa. Ndani kuna daftari. Marehemu mume wake alikuwa fundi cherehani na kumbe daftari lake la vipimo bado lipo, mi nimeolewa miaka 12 sijawahi kuliona hata siku moja. Kila ukurasa mteja mmoja au wawili, jina, tarehe, kifua, kiuno, urefu wa mkono, afu pembeni kabana kipande kidogo cha kitambaa cha ile nguo kwa pini, kama ukubwa wa stempu hivi. Vitambaa vingine rangi bado zinawaka kabisa. Pini nyingi zimeshika kutu na kutu imetoboa mpaka ukurasa wa nyuma. Ndani ya mfuko kuna na subana yake na futi ya kitambaa ambayo namba za mwanzo zimefutika kwa kushikwa.

Hiki ni kitu cha kupeleka makumbusho kweli au watanicheka? Ni daftari la fundi tu, hakuwa mtu maarufu. Na je nizitoe zile pini kwanza nisafishe?

Mlinda_Stoo

USIZITOE PINI. Samahani kwa herufi kubwa.

Yaani nimesoma nimesimama. Dada, watu wanatuletea saa za ukutani, pasi za mkaa, sarafu, taipureta, tunashukuru ila taipureta tunazo nyingi mpaka tunazikwepa. Daftari la fundi lenye majina, tarehe na vipande vya vitambaa vyenyewe siyo kitu kinachotua mezani kila mwaka. Humo ndani kuna nani alikuwa anashona nguo mpya na mwezi gani, kitambaa gani kilikuwa kinapatikana, mwaka gani suruali zilipanuka miguu, mteja yupi kiuno kiliongezeka kila aliporudi. Makumbusho ya historia ya mkoa yanaishi kwa vitu hivyohivyo, maana wakubwa wana makaburi yao na majina ya barabara.

Sasa mambo machache. Pini ukiivuta inang'oa karatasi ambayo kutu imeshaila, na kipande kikidondoka hutajua tena ni cha ukurasa gani, ukishapoteza hapo umebaki na vitambaa tu. Mwache mhifadhi aamue, zana zake anazo. Usipige seloteipu popote, gundi yake inageuka njano inanata milele. Usilamineti, nakuomba. Usilitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, unyevu utabaki ndani na kutu itaendelea na kazi yake. Lifunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila marashi, liweke kwenye boksi gumu lilale bapa, lisikae juu ya kabati karibu na bati wala sakafuni. Kushika ni mikono iliyonawa ikakauka, glavu waachie wenye picha na vitu vya chuma, kwenye karatasi glavu inakuondolea hisia unachana ukurasa hujui. Na ukitaka kuandika chochote pembeni tumia penseli, kamwe siyo peni.

Kabla hamjaenda piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana dirishani, bila flashi. Hata kama hamtampa mtu yeyote.

MzeeWaKona

Ngoja niseme lile ambalo huyu ndugu wa stoo hatalisema. Usiwape. Mjomba wangu alipeleka kitu makumbusho fulani, siyataji, ngoma ya ukoo, akapewa mkono na chai, miaka ikapita akaenda kuiona haipo kwenye maonyesho, kuuliza anaambiwa iko stoo, kuomba aione anaambiwa andika barua. Ameandika barua. Amekufa. Kitu kikiingia pale ndo kimezikwa.

Mlinda_Stoo

Mzee wangu shikamoo, na pole kwa mjomba. Sitabisha, yametokea na yanatokea. Ila mara nyingi hapo katikati kuna karatasi ambayo haikusainiwa au ilisainiwa bila kusomwa.

Kuna vitu vitatu tofauti na watu wanavichanganya. Kuonyesha, yaani unakuja nacho, wanakitazama, wanapiga picha ukiruhusu, unaondoka nacho siku hiyohiyo, na hiyo siku ya familia kazi yake ni hiyo tu. Kukopesha, mnaandikiana muda, bima ni ya nani, kinarudi lini. Na kutoa moja kwa moja, hapo unasaini hati ya zawadi na umiliki unahama, hakiwi chako tena, na hakuna makumbusho makini yatakuahidi kitawekwa mbele daima kwa sababu vinapokezana, vya karatasi na kitambaa hasa lazima vipumzike gizani. Hili la mwisho lilitakiwa mjomba aambiwe mapema, kwa mdomo, siyo aje kulikuta. Kikibaki hata kwa lisaa limoja mikononi mwao dai karatasi ya kupokelewa yenye maelezo na sahihi.

Na dada usitegemee wakutajie bei, makumbusho mengi kwa makusudi hayakadirii thamani ya pesa, watakwambia ni nini, cha lini na kitunzwe vipi, basi.

MzeeWaKona

Marahaba. Hapo kwenye karatasi tumeelewana. Daftari lirudi na bibi.

Ticha_Zamu

Mi nataka kumsemea yule wa miaka 9 maana naona amesahaulika. Nimepeleka madarasa makumbusho mara nyingi na zile karatasi za maswali 20 za kujaza zinaua kila kitu, mtoto anakimbia kutafuta jibu kwenye lebo, kitu chenyewe hakitazami, wanaonakili ndo wanamaliza wa kwanza.

Mpe kazi moja tu. Achague kitu kimoja akichore, mchoro mbaya unaruhusiwa, afu muulize unaona nini hapa kinaendelea, umeona nini mpaka ukasema hivyo, kuna nini kingine. Ukishauliza nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu kwetu sote, kimya cha sekunde kumi tunaona kama mwaka. Kuna kijana wangu mmoja alichora kufuli tu, kufuli la chuma, akaja kuniuliza mbona tundu la ufunguo limechubuka upande mmoja, akasema aliyekuwa analifungua alikuwa anafungua gizani. Hakuna lebo iliyosema hivyo.

Na siku ya bibi mpe huyo kijana kazi ya kurekodi. Simu juu ya meza, isiwe mkononi, amuulize bibi yake kuhusu ukurasa mmoja mmoja na siyo "bibi tusimulie zamani ilikuwaje", swali la hivyo mzee anajibu "ilikuwa nzuri" mnafunga mjadala. Muulize huyu alikuwa nani, alilipa au alikopa.

BabaPacha

Alilipa au alikopa 😂😂 hapo utaibua kesi za watu bibi, wajukuu wa wadaiwa wamo humu

MamaWawili

Marejesho ya kwanza. Jumamosi tumeenda hadithi. Tumefika mlango unafunguliwa kama Nyuki_Mtulivu alivyosema, tulikuwa sisi na familia nyingine mbili tu. Msimuliaji alikuja na taa ya kandili, akawaambia wafumbe macho wanuse, binti yangu akasema inanuka kama gari la babu wa jirani. Kijana alikaa nyuma amenuna dakika kumi hivi, afu akaenda kivyake kuchora mizani, karudi ananiuliza kwa nini mawe ya mizani yana tundu chini lililozibwa kwa madini ya risasi. Sikujua. Mwongozaji akamwambia ni kurekebisha uzito, jiwe likiwa jepesi wanaongeza risasi kidogo, afu wanapiga muhuri juu ili usichezee. Akaniangalia kama mimi ndo nilimficha miaka yote.

Waifai ipo kumbe. Hakuuliza.

Bibi yeye alikaa kwenye kile kiti anasukumwa na mjukuu wake kama malkia.

Nyuki_Mtulivu

Gari la babu wa jirani 😂 Hongera dada. Bado siku ya daftari, usitusahau.

MamaWawili

Samahani nimechelewa, marejesho ya siku ya familia haya hapa, ni marefu kaeni vizuri.

Foleni ilikuwa ya kutosha, kila mtu na kifurushi chake, mmoja kabeba redio kubwa kifuani kama mtoto mchanga. Meza tatu, kila meza mtu wa makumbusho na taa. Tulipofika mama mkwe akakataa kumpa yule dada daftari, akasema atafungua mwenyewe. Yule dada wala hakununa, akasogeza mto mdogo wa kulazia kitabu akasema mama fungua, mi nitatazama tu. Bibi kafungua ukurasa wa kwanza. Yule dada kimya. Wa pili. Afu akainuka bila kusema kitu, akaenda kumwita mwenzake, na mwenzake akamwita mwingine, nikajua Mlinda_Stoo hukuwa unatupamba.

Pini hawajazigusa. Wamesema wenyewe wataanza na kupiga picha kurasa zote vizuri kwa kamera yao, sisi tumekaa palepale tunaangalia, nusu siku, daftari limerudi na bibi na karatasi ya kupokea nilidai, MzeeWaKona umesikia, nilidai hata kwa hiyo nusu siku. Wametupa boksi la karatasi isiyo na asidi bure. Wameomba kama baadaye bibi atakubali kulikopesha miezi mitatu kwenye maonyesho, bibi kasema atafikiria, na mi najua maana yake ni ndiyo ila wasubiri kwanza.

Sasa cha kwangu mimi ni hiki. Wakati wanapiga picha watu wa kwenye foleni wakaanza kusogea, maana kijana wangu alikuwa anamuuliza bibi yake jina jina kama Ticha alivyosema, na majina yanasikika. Mzee mmoja aliyekuja na saa ya mfukoni akasema rudia hilo. Bibi akarudia. Akasema huyo ni baba yangu. Tukatulia. Akauliza anaweza kuona. Ukurasa una tarehe, jina, suti moja, kifua inchi 36, kiuno 28, mkono wa kushoto mfupi nusu inchi kuliko wa kulia, na kipande cha kijivu chenye mistari, pini yake imeoza kabisa imebaki alama ya msalaba ya kahawia. Mzee akauliza 28? Akajishika tumbo lake akacheka, afu akaacha kucheka. Akasema baba yake aliuvunja mkono huo utotoni, haukuunga vizuri, hakuna mtu wa nje aliyekuwa anajua maana siku zote mikono ya koti ilikuwa inakaa sawa. Bibi akamjibu, kwa sauti ile ya kawaida kabisa ya kuongea na mteja, ndiyo, mkono wa kushoto tulikuwa tunampunguzia.

Alipiga picha ukurasa ule akaondoka bila kumwonyesha mtu saa yake, ikabidi wamkimbilie.

Na alikopa, BabaPacha. Pembeni imeandikwa "nusu bado". Bibi kaona, kaweka kidole juu, kageuza ukurasa.

BabaPacha

Nimenyamazishwa. Heshima kwa bibi.

Ticha_Zamu

Rekodi ya kijana ihifadhi sehemu mbili tofauti tafadhali, isibaki kwenye simu tu. Na andika leo majina ya waliosikika ndani, mwakani hutakumbuka nani alikohoa nani alisema nini.

Mlinda_Stoo

Nimesoma mara mbili. Mkono wa kushoto nusu inchi, hiyo ndo ningeiandikia lebo nyie. Daftari limelala wapi sasa hivi?

MamaWawili

Kwenye boksi lake, bapa, kabati la chini siyo la juu. Ila kuna kitu lazima nikiri. Jana jioni nimetoka kuoga nakuta bibi kamsimamisha binti yangu juu ya stuli anampima kwa ile futi, kifua, kiuno, urefu wa mkono, na kijana anasomewa namba anaandika. Nikaona raha nikapiga picha. Leo asubuhi ndo nafungua boksi naona wameandika kwenye daftari lenyewe. Ukurasa wa mwisho uliokuwa mtupu, jina la binti, tarehe ya jana, kifua inchi 21, na kipande cha gauni lake la zamani kimebanwa kwa pini mpya.

Mlinda_Stoo

Dada.

Waliandika kwa penseli au kwa peni?

MamaWawili

Peni. Ya bluu.